Sharti la Kisanduku Kitupu

Katika hospitali yetu hakuna upendeleo. Jambo hilo limeandikwa kwa rangi ya bluu juu ya dirisha la mapokezi, na chini yake kuna mshale unaoelekeza kwenye mlango wa wakubwa.

Mimi ndiye ninayetunza hifadhidata ya wagonjwa. Ofisi yangu ni chumba cha mwisho kwenye korido, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi, kwa hiyo hakuna mkubwa asiyepita mlangoni pangu, na akitaka kusimama kwa mazungumzo ana sababu nzuri ya kuonekana maeneo yale. Wenzangu wananiita Masharti, kwa sababu kazi yangu ni kuandika masharti. Naiambia kompyuta: nipe wagonjwa wote ambao ni hivi NA vile, AU vile vingine. Nayo inapitia kumbukumbu za maelfu ya watu na kunirudishia waliofaulu. Nilijifunza mwenyewe, kwa kukosea polepole, na kazi imenizoesha kutoharakisha kusema fulani ni mtu mbaya. Mara nyingi ni mabano tu yamekosekana.

Mwaka huu daktari bingwa wa mtoto wa jicho alikubali kutujia kwa wiki moja. Angefanya upasuaji kwa watu arobaini, kisha angeondoka, na hakuna aliyejua angerudi lini. Ikaundwa kamati ya kuchagua hao arobaini. Mwenyekiti alikuwa Mganga Mkuu mwenyewe, na wajumbe ni Mhasibu, Katibu wa hospitali, na Sista wa chumba cha macho, ambaye aliwekwa kwa sababu mtu fulani lazima awafahamu wagonjwa.

"Safari hii hatutaki maneno," Mganga Mkuu alisema, mikono yake imetulia juu ya meza kama ya mtu anayepigwa picha. "Hatutaji majina. Tunataja vigezo, Masharti anaviandika, mashine inachagua. Kompyuta haina mjomba."

Wote wakatikisa vichwa. Katibu akaandika kwenye muhtasari kwamba kompyuta haina mjomba.

Nilipenda sana maneno yale, na bado nayapenda. Vigezo vya daktari vilikuwa vyepesi: mgonjwa awe amepimwa mwaka huu, NA awe anasoma chini ya mistari minne kwenye ule ubao wa herufi ukutani, kwa jicho lake lililo bora. Wapangwe kuanzia anayeona kidogo zaidi. Chukua arobaini wa mwanzo. Nikaandika, nikajaribu, nikapata watu thelathini na saba. Nafasi tatu zilibaki wazi, na nadhani harufu yake ilifika mbali.

Wa kwanza kunitembelea alikuwa Mhasibu. Alikuwa anaelekea chooni, akaghairi.

"Mdogo wangu," alisema, akaegemea kizingiti. "Nimekuwa nikifikiria kuhusu wafanyabiashara wadogo. Wale wa nyuma ya soko. Vumbi lile linaua macho."

"Ni kweli kaka."

"Sasa si tungeongeza kigezo? Kwa haki tu. Mwanamume, muuza vyombo, mtaa wa nyuma ya soko, miaka hamsini na kitu. Hamsini na sita, tuseme."

"Kwa nini hamsini na sita?"

"Utafiti," alisema, akaendelea na safari yake.

Katibu alikuja baadaye na sharti la wahudumu wa zamani wa hospitali hii hii, waliostaafu kwa sababu ya mgongo. Alikuwa amehuzunika kwamba jamii huwasahau wenye migongo. Nilipotafuta, jamii ilikuwa imemsahau mmoja tu, na jina lake la ukoo lilikuwa lile lile la Katibu, jambo ambalo hutokea.

Mganga Mkuu hakuja. Aliniita kwake, akaniketisha kwenye kiti chenye mto.

"Masharti, unajua ni nini kinachowaangusha wazee wetu?"

"Macho, Daktari?"

"Ngazi. Mzee haoni vizuri, anakanyaga ngazi, nyonga imevunjika. Nataka tuwalinde wanawake wenye zaidi ya miaka sabini, walimu wastaafu, wanaoishi kwenye nyumba zenye ngazi."

Swali la ngazi lilikuwa limo kweli kwenye hifadhidata yetu. Liliingizwa miaka ile kulipokuwa na utafiti fulani, na tangu wakati huo hakuna aliyelitumia wala aliyethubutu kulifuta. Nikaandika sharti, likarudisha mwalimu mstaafu mmoja, anayesoma mistari sita ya ubao bila miwani, na anwani yake ilikuwa ghorofa ya pili katika nyumba ya Mganga Mkuu. Sikuona ajabu. Mtu akiamua kulinda wazee dhidi ya ngazi, ni vizuri aanze na mama mkwe.

Kwa kompyuta, NA hukaza na AU hulegeza. Masharti yote matatu yalikuja na AU, kwa sababu waliolindwa hivi walikuwa wanaona vizuri mno kupita mlango wa mbele. Mara ya kwanza nilisahau kuyafunga kwa mabano, na orodha ikajaa wauza vyombo wote wa miaka hamsini na sita waliowahi kutibiwa kwetu tangu hifadhidata ianze, akiwemo mmoja aliyeletwa miaka mitano iliyopita kwa kuumwa na mbwa. Nikaweka mabano. Thelathini na saba na watatu wakawa arobaini, kama nguo iliyoshonwa juu ya mtu. Kila mmoja alipata alichokuja nacho, na hakuna jina hata moja lililotajwa. Nilijiambia kwamba nafasi zilikuwa wazi, kwamba hakuna aliyeporwa, na kwamba si kazi yangu kupima nia za watu.

Kisha nikamtafuta shangazi yangu kwenye orodha, nikamkosa.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi nusu ya mji huu walioa na kuolewa ndani ya mikono yake. Mtoto wa jicho alipomzidi alihamia kwangu na cherehani yake, akisema ni kwa wiki mbili, wiki mbili ambazo sasa zina mwaka na zaidi. Anakaa kwenye kona ya sebule na kushona kwa kupapasa. Mwezi uliopita alimshonea jirani sare ya mtoto, mkono wa kushoto ukaishia ndani ya mfuko. Alipoambiwa, alisema mtindo huo utaingia tu, subirini.

"Wateja wangu wamehamia kwa yule wa ng'ambo ya barabara," aliniambia jioni ya siku ile, mguu wake ukichezea kanyagio la mashine isiyo na uzi. "Yule anayeshona kama anafunga magunia. Huyo daktari wenu anakuja lini?"

"Jumatatu ijayo, Shangazi."

"Na mimi nimo?"

Mke wangu, aliyekuwa anakunja nguo, akaacha kukunja. Anampenda shangazi. Anampenda zaidi akimwazia kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Tunakamilisha masharti," nilisema.

"Baba wee," shangazi akasema. Huniita baba kwa sababu nimebeba jina la baba yake. "Nimekuuliza ndiyo au hapana, umenijibu kama serikali. Nikikosa safari hii, hii cherehani iuzeni. Sitaki kuishi na kitu kinachonicheka."

Usingizi wangu haukuwa mzuri. Asubuhi nilidhani nimekosea herufi za jina lake, nikatafuta kwa namba ya kadi. Alikuwepo. Amepimwa, mwaka huu, mtoto wa jicho macho yote mawili. Lakini pale palipopaswa kuwa na idadi ya mistari aliyosoma ubaoni, kisanduku kilikuwa kitupu.

Nikaenda chumba cha macho. Sista alikuwa anapanga chupa za dawa kwenye trei. Ni mama wa makamo ambaye huzungumza bila kugeuka, kwa sababu anaamini aliyekuja na shida atabaki hapo hapo.

"Sista, ulimpima shangazi yangu?"

"Yule fundi? Nilimpima. Nikamwambia, mama, soma ubao. Akasema, ukuta wenu umepakwa rangi nzuri. Nikamwambia, ubao, si ukuta. Akasema, ubao gani."

"Kisha ukaandika nini?"

"Ningeandika nini? Hakusoma hata mstari mmoja. Nikaweka sifuri, mashine yenu ikakataa. Inataka kuanzia moja mpaka nane. Nikapiga simu kwenu, mtaalamu aliyekuwepo kabla yako akaniambia mtu asiyesoma kabisa ubao hana kipimo, kwa hiyo acha wazi. Nimekuwa naacha wazi tangu hapo."

"Kwa wote?"

Sasa akageuka. "Wote gani? Kwa wasioona, mwanangu. Wanaoona nawajazia."

Nilirudi kwenye korido nikitembea taratibu. Utupu si sifuri. Ukiiuliza kompyuta kama sifuri ni chini ya nne, inasema ndiyo. Ukiiuliza kama utupu ni chini ya nne, haisemi ndiyo wala hapana, inasema sijui, na sharti huwapitisha wa ndiyo tu. Kwa hiyo swali langu, lililoandikwa kwa uangalifu na kufungwa kwa mabano, lilikuwa limetafuta watu wenye macho mabaya kabisa mjini na kuwaacha nje wale wote waliokuwa vipofu. Tulikuwa tumeandaa upasuaji wa macho ambao sharti lake la kwanza lilikuwa kuona.

Dawa yake ilikuwa kipande kifupi: AU kisanduku cha mistari kiwe kitupu. Ningeweza kukiongeza kimya kimya. Lakini shangazi yangu alikuwa ndani ya kipande hicho, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu vipande vya wenzangu vinavyofanana. Nikaona heri nikiombe waziwazi. Nikaenda kwa Mganga Mkuu, nikakalia kile kiti chenye mto bila kualikwa.

"Daktari, kuna sharti moja limesahaulika. Waliopimwa wakashindwa kusoma hata mstari wa kwanza hawajaingia. Visanduku vyao ni vitupu. Naomba tuwaingize. Na nikwambie mapema, shangazi yangu ni mmoja wao."

Uso wake ukalainika, kama wa mzazi ambaye mtoto wake ametembea kwa mara ya kwanza.

"Kisanduku kitupu," alisema.

"Ndiyo. Si yeye peke yake, ni kundi zima."

"Bila shaka. Kundi." Alicheka kwa pua. "Masharti, nilikuwa nakudharau bure. Wengine tunahangaika na ngazi, wewe umempata kwa kitu ambacho hakipo."

"Daktari, sikiliza, watakuwa wengi. Sijawahesabu bado."

"Usinihesabie. Kila mtu ana shangazi." Akachukua karatasi yangu na kusaini. "Nenda kaongeze. Hatutaji majina."

Mhasibu naye, alipopita kuelekea chooni, alinipiga begani na kuniita mtu mzima. Nilijaribu kumweleza kuhusu ubao wa herufi. Akasema haina haja ya kuficha, sisi ni ndugu sasa. Sijawahi kusema ukweli mara nyingi hivyo ndani ya siku moja na kusifiwa kwa uongo wangu.

Nikaongeza kipande, nikaendesha swali.

Visanduku vitupu vilikuwa kumi na tisa. Hilo nililitarajia, kwa namna fulani. Nisichokuwa nimekifikiria ni mpangilio. Nilikuwa nimeiagiza kompyuta ipange kuanzia anayeona kidogo zaidi, na sikuwa nimeiambia utupu uwekwe wapi. Yenyewe huuweka mbele ya namba zote. Kwa hiyo waliokuwa hawamo kabisa sasa walikuwa juu kabisa, kumi na tisa kwa mfululizo, shangazi akiwa wa nne. Wakafuata wa mstari mmoja, kisha wa miwili. Arobaini ikatimia hapo. Wa mistari mitatu walikatwa, na hilo liliniuma, maana nao walikuwa wanaumwa kweli. Chini yao, mkiani kabisa, walikaa muuza vyombo, mwenye mgongo na mwalimu wa ngazi.

Nilikaa na orodha ile muda mrefu. Ningeweza kuwapeleka watupu nyuma kwa neno moja, na watu watatu wangefurahi, na shangazi angebaki na kanyagio lake. Nikafikiria kumwingiza shangazi peke yake. Kigezo chake hakikuwa kigumu kukitunga: mwanamke, fundi cherehani, anayekaa kwa mtoto wa mdogo wake, mwenye maneno. Nikaandika mpaka kwenye maneno, nikafuta. Kisha nikachapisha orodha kama ilivyotoka, nikaipeleka kwenye kikao.

Kila mjumbe alipewa nakala. Kila mmoja alikuwa anasoma kutoka juu kwenda chini, kidole kikifuata, na kila kidole kilifika chini, kikasita, kikarudi juu na kuanza upya. Sista peke yake alikuwa anasoma majina na kutabasamu kidogo, kama mtu aliyekutana na majirani.

"Masharti," Mganga Mkuu alisema mwishowe. "Hii orodha imetimia?"

"Imetimia, Daktari."

"Vigezo vyote vimo? Vyote tulivyokubaliana?"

"Vyote. Nimeambatanisha ukurasa wa pili."

Aligeuza ukurasa wa pili. Walimu na ngazi zao walikuwemo, wameandikwa vizuri, ndani ya mabano.

"Lakini naona kama..." alianza Mhasibu.

Tukamsubiri.

"Unaona kama nini kaka?" aliuliza Katibu, kwa matumaini.

Mhasibu alikohoa. Ili kusema anachokiona, ilibidi aseme ni nani ambaye hamwoni. Akaangalia muhtasari wa kikao cha kwanza uliokuwa mbele ya Katibu, uliosainiwa na wote. "Naona kama chumba kina joto," alisema.

Mganga Mkuu hakushindwa haraka hivyo. "Tuzungumzie mpangilio," alisema. "Kwa nini tuanze chini? Hauwezi kugeuzwa?"

"Unaweza, Daktari. Ni neno moja. Ukigeuzwa, wataanza wanaoona zaidi."

"Niandike hivyo?" Katibu akauliza, kalamu ikiwa tayari. Nadhani alikuwa na huruma na mgongo wa ndugu yake, na hakuwa amefikiria mbali. "Kwamba kamati imeazimia wanaoona zaidi wapasuliwe kwanza?"

"Andika," alisema Sista bila kuinua macho kutoka kwenye orodha. "Na uandike sababu. Daktari bingwa atapenda kuisoma."

Mganga Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilijiandaa kwa lolote. Akachukua kalamu.

"Kompyuta haina mjomba," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi kwenye kaburi, akasaini.

Tulipotoka alinishika mkono kwenye korido na kunivuta karibu na stoo ya mashuka.

"Kumi na tisa," alinong'ona. "Ili kumficha mmoja, umewatanguliza watu kumi na wanane? Kijana, wewe ni hatari."

Nikamwambia kwamba sikuwa namficha mtu. Akanikazia macho kwa heshima ambayo hajawahi kunionyesha kabla wala baada. Mpaka leo anaamini hivyo, na nimeacha kumbishia. Wa mistari mitatu niliwaombea kwa daktari bingwa mwenyewe, ambaye aliongeza siku moja ya Jumamosi na kuwamaliza. Mama mkwe wa Mganga Mkuu hakuhitaji upasuaji wowote. Juzi nilimwona akishuka ngazi za hospitali na gazeti mkononi, akisoma.

Shangazi alifunguliwa bandeji siku iliyofuata upasuaji. Nilikuwa nimesimama kando ya Sista. Alipepesa macho, akaniangalia kwa utulivu kutoka kichwani hadi miguuni.

"Hiyo suruali nani alikupindia?"

"Yule wa ng'ambo ya barabara, Shangazi."

"Naona. Kafunga gunia."

Akaenda kwake na cherehani wiki ile ile. Mke wangu alimfungashia mpaka sahani, kisha jioni akaikalia ile kona tupu ya sebule na kusema nyumba imekuwa kubwa mno.

Baada ya mwezi nilimrudisha kwa kipimo. Kwenye hifadhidata, nilishairekebisha fomu ikubali sifuri, kazi iliyochukua muda mfupi kuliko kuomba kibali chake. Sista akamwambia asome ubao.

"Kumbe huu ndio ubao," alisema shangazi. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, akaendelea hadi wa sita, kila herufi kwa sauti ya kumhesabia mteja vifungo. Kwenye wa saba akasema wamechapa vibaya, warudie.

Sista akabofya kisanduku na kujaza sita. Nilikuwa nyuma yake, naangalia skrini. Safari ijayo, daktari akija, nitaandika swali lile lile, na kompyuta itafika kwenye jina la shangazi yangu, itauliza kama sita ni chini ya nne, na haitasema sijui. Itasema hapana.